Injini inayowaka ufunguo unapoachiliwa: uchambuzi wa kisa cha Peugeot 504 iliyofufuliwa

Usuli

Gari linalozungumziwa hapa ni saluni ya Peugeot 504 yenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,971, kabureta, distribyuta ya pointi (swichi ndogo inayofunga na kufungua umeme wa koili ili cheche itoke) na choki ya kuvuta kwa mkono, yaani kibao kinachobana hewa ya kabureta injini ikiwa baridi. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu, ambaye alilirithi kutoka kwa kaka yake likiwa limekaa juu ya mawe kwa miaka kadhaa katika shamba lililo upande wa Molo. Jina lake, nambari ya gari, rangi yake na gereji zilizohusika nimeviacha kwa makusudi. Vipimo vilivyotajwa ni vile nilivyoviandika kwenye daftari langu siku ya kazi.

Kwa msomaji aliyekulia Bonde la Ufa au Magharibi, 504 haihitaji utambulisho mrefu. Zile za mgongo mrefu ndizo zilizokuwa matatu za safari kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu kwa miaka mingi, na ni 504 iliyompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975. Saluni yake ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na ikaachwa kutengenezwa huko mwaka 1983, lakini humu nchini magari haya yaliendelea kuunganishwa kwa muda mrefu baada ya hapo, na kwa sababu hiyo mtu anayeamua kulifufua gari kama hili leo bado ana matumaini ya kupata vipuri.

Ukarabati ulifanywa Nakuru kwa miezi 14, na ulipita katika mikono ya mafundi watatu ambao hawakuwahi kufanya kazi siku moja: fundi wa bodi na rangi, fundi wa injini, na fundi wa umeme. Bodi ilikwanguliwa hadi bati tupu, ikapigwa praima na kupakwa rangi. Injini ilifumuliwa, ikawekwa laina, pistoni na ringi mpya, kisha bloku na giaboksi vikapakwa rangi ya kuhimili joto kabla ya kurudishwa. Stata ya zamani ilikuwa imeungua, kwa hiyo ikanunuliwa nyingine inayoingia mahali pale pale ingawa ilikuwa ya muundo tofauti kidogo. Koili, kifaa kinachopandisha volti ya betri hadi itoe cheche, nayo ilibadilishwa, na iliyofungwa ilikuwa ya aina inayofanya kazi pamoja na rezista, kipande kinachopunguza mkondo unaoifikia. Kazi ilikuwa safi kwa macho. Ninasema hivyo kwa dhati, kwa sababu mafundi hao walilipenda gari lile, na kosa lililotokea halikutokana na uzembe wa mtu mmoja.

Jambo la mwisho katika usuli ni mahali. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ilhali nyumbani kwa mzee ni zaidi ya mita 2,400. Tofauti hiyo ya urefu peke yake hushusha joto kwa karibu nyuzi 4, na kati ya Juni na Agosti kipimajoto cha alfajiri huko juu husoma nyuzi 5 hadi 8. Gari lilitengenezwa mahali pamoja na kulala mahali pengine, na sehemu kubwa ya kisa hiki imo katika tofauti hiyo.

Mlalamiko

Gari lilikabidhiwa mwezi Machi na likafanya kazi vizuri hadi mwishoni mwa Mei. Juni ilipoingia, likaanza kukataa kuwaka alfajiri. Mzee angevuta choki, apige stata kwa muda mrefu, asikie injini ikizunguka kwa uzito bila hata kukohoa, kisha betri ichoke. Jua likishapanda, mnamo saa 4 asubuhi, lingewaka baada ya kujaribiwa mara mbili au tatu. Likishapata moto, siku nzima halikuwa na tatizo lolote.

Alipoliteremsha kwangu mara ya kwanza alinieleza mambo mengine mawili. La kwanza ni kwamba vijana wa shambani wakilisukuma, hata hatua kumi tu, huwaka mara moja. La pili alilisema akiwa tayari ameshika mlango kutoka nje: "Fundi, mara nyingine nikishakata tamaa na kuachilia ufunguo, ndipo linapiga moja na kuwaka." Nilimjibu, "Sawa mzee, tutaliangalia," wala sikuandika lolote kati ya hayo mawili. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba hili ni tatizo la kabureta.

Hatua za mwanzo

Kabla ya kunifikia, gari lilikuwa limepewa betri mpya na plagi mpya. Fundi aliyetoa plagi za zamani alizikuta zimelowa petroli, akahitimisha kwamba mafuta yamezidi, akapunguza mafuta kwenye kabureta. Kebo ya choki ilikuwa imebadilishwa mara mbili tangu Machi, kila mara kwa maelezo kwamba ilikuwa "ngumu".

Mimi niliifungua kabureta yote. Nilibadilisha gasketi, nikaosha jeti, nikarekebisha kimo cha mafuta ndani ya bakuli na kurudisha marekebisho yaliyokuwa yameguswa. Nilipima pia mgandamizo wa silinda zote nne na kupata takriban baa 9 kwa kila moja, bila tofauti ya maana kati yao. Fundi mwenzangu aliona namba hiyo ni ndogo ikilinganishwa na alizozoea kuziona vitabuni, lakini vitabu huandika vipimo vya usawa wa bahari, na hewa ya Nakuru ina shinikizo la karibu asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Baa 9 hapa kwetu ni injini yenye afya. Nilichomoa waya wa plagi, nikapiga stata, nikaona cheche nzuri ya buluu ikiruka hewani, nikaridhika kwamba umeme wa kuwasha upo.

Gari liliwaka gerejini mara tano mfululizo, mzee akaondoka. Siku mbili baadaye akapiga simu saa 12 asubuhi. Hali ilikuwa ile ile.

Alirudi mara ya pili, nikaangalia pampu ya mafuta na muda wa kuwasha, na nikasawazisha nafasi ya pointi. Gari likawaka tena gerejini, nalo likakataa tena kule juu. Aliporudi mara ya tatu alikuwa ametulia kuliko nilivyostahili, na akarudia sentensi yake: linawaka nikiachilia ufunguo. Safari hii niliisikia.

Kwa nini sentensi ile ilikuwa na uzito

Ufunguo ukiwa umeshikiliwa kwenye nafasi ya stata, stata inavuta umeme mwingi kutoka kwenye betri na volti inashuka. Ufunguo ukiachiliwa, stata inaacha kuvuta na volti inapanda ghafla, huku injini ikiwa bado inazunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde kwa nguvu iliyobaki. Injini inayowaka katika nafasi hiyo fupi inatuambia kwamba mafuta yamo ndani, hewa imo, mgandamizo upo, na kilichokosekana wakati stata inavuta ni cheche yenye nguvu ya kutosha. Gari linalowaka kwa kusukumwa linasema jambo lile lile kwa njia nyingine, kwa kuwa linaposukumwa stata haifanyi kazi na volti ya betri haishuki.

Mzee alikuwa amenipa dalili mbili zinazoelekeza mahali pamoja, na zote zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kulowa kwa plagi nako kulikuwa kumesomwa vibaya. Plagi iliyolowa baada ya kupiga stata kwa muda mrefu inathibitisha kwamba petroli imefika kwenye silinda na haikuchomeka, lakini haitoshi kuonyesha kwamba petroli ilizidi. Fundi aliyepunguza mafuta aliliongezea tatizo lile ugumu mwingine.

Alfajiri ya vipimo

Niliamua kutopima chochote zaidi Nakuru. Nilipanda na mzee jioni, kupitia Salgaa na ule mwinuko wa Sachang'wan, tukaliegesha gari mahali linapolala kila siku, nami nikalala kwake. Saa 11:45 alfajiri kipimajoto nilichokiacha juu ya bloku kilisoma nyuzi 7. Nilikuwa na mita ya umeme, waya mfupi wenye vibanio viwili, tochi na daftari, na kijana wake alikaa kwenye usukani.

Kabla ya kugusa ufunguo nilitoa kifuniko cha chujio la hewa, nikamulika ndani ya koo la kabureta na kuusogeza mkono wa mafuta kwa kidole. Petroli iliruka mara moja kwa mkondo mwembamba ulionyooka. Kwa hiyo bakuli la kabureta halikuwa limekauka usiku, na kwa sekunde kumi tu swali la mafuta lililokuwa limenigharimu siku mbili gerejini likawa limejibiwa. Kisha nikamwambia kijana avute choki hadi mwisho. Kibao cha choki hakikufunga. Kilibaki wazi kwa karibu milimita 4, ingawa kitasa kilikuwa kimevutwa chote. Nilikiandika na kukiacha kama kilivyo, kwa sababu sikutaka kubadilisha kitu kabla ya kumaliza kupima.

Kipimo kilichofuata kinahitaji maelezo, kwani ndicho kiini cha kazi ya asubuhi ile. Niliunganisha upande wa pointi wa koili na mwili wa injini kwa ule waya mfupi. Hatua hiyo hufanya mambo mawili kwa pamoja: injini haiwezi kuwaka, hivyo mtu anaweza kupiga stata na kupima kwa utulivu, na koili inabeba mkondo muda wote, kana kwamba pointi zimefunga, hivyo mita inasoma volti halisi ambayo koili inapewa, badala ya wastani unaopandishwa na pointi zinapofunguka. Stata ipigwe kwa sekunde tano tu kila mara na swichi izimwe katikati, kwa sababu koili hupata moto haraka katika hali hiyo.

Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6. Stata ilipopigwa, nguzo zake zilisoma 9.8, kiwango kinachokubalika kwa baridi ile. Baada ya hapo niliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Sehemu hizo mbili zimeunganishwa kwa waya mnene, na volti yoyote inayosomeka kati yake stata ikizunguka ni volti iliyopotea njiani. Ingefaa isome sehemu ndogo ya volti moja. Ilisoma 1.6. Nilipoigawa njia hiyo vipande viwili, kati ya betri na bodi kulipotea 0.2, na kati ya bodi na injini kukapotea 1.4.

Mwisho nilipima volti kati ya nguzo ya koili inayopokea umeme na mwili wa injini. Stata ikizunguka, mita ilisoma 3.9.

Nilikaa juu ya ndoo nikafanya hesabu. Betri ilitoa 9.8. Njia ya athi, yaani ile ya umeme kurudi kutoka kwenye injini hadi nguzo hasi ya betri, ilikula 1.6 na swichi ya zamani ya ufunguo pamoja na nyaya zake ikala 0.4, zikabaki 7.8. Rezista, ambayo ina ukinzani wa takriban omu 1.5 sawa na koili yenyewe, ikachukua nusu. Mkondo uliopita kwenye koili ulikuwa ampea 2.6, ilhali injini ikiwa imewaka na oltaneta (jenereta ya gari) inachaji, koili ile hupata takriban ampea 4.6. Kwa kuwa nishati ya cheche hufuata mraba wa mkondo, cheche ya alfajiri ilikuwa na chini ya theluthi moja ya nishati yake ya kawaida, na ilitakiwa kuwasha petroli ambayo kwa baridi haikuwa imegeuka mvuke vya kutosha.

Lakini koili ya rezista haikubuniwa iteseke hivyo. Sababu ya kuwepo kwake ni kwamba stata inapopigwa, njia ya pili huikwepa rezista na kuipa koili volti yote iliyopo, ili kushuka kwa betri kusiidhuru cheche. Njia hiyo kwa kawaida hutoka kwenye nguzo ndogo ya ziada katika solenoidi ya stata, ile swichi ya umeme inayoiwasha stata. Nilimulika tochi kwenye stata ya gari hili. Ilikuwa na nguzo moja tu ndogo, ile ya kuiamsha. Fundi wa umeme alipokuta hakuna mahali pa kufunga waya wa pili, hakuufunga.

Tulipiga stata mara ya mwisho, na hapo mkono wangu ukagusa kebo ya choki kwa bahati. Kila chuma kilikuwa baridi kwa umande, ila kebo ile ilikuwa vuguvugu. Injini hukaa juu ya raba, na mkanda wa athi, ule waya mnene unaounganisha injini na bodi, ukiwa haupitishi umeme vizuri, mkondo wa stata hutafuta chuma chochote kingine kinachounganisha injini na bodi. Katika gari hili ulipita kwenye kebo ya choki. Plastiki ya ndani ilikuwa imeyeyuka na kuganda upya, kebo ikawa ngumu, na kibao cha choki kikabaki wazi milimita 4. Kebo mbili zilizotangulia zilikufa kwa ugonjwa huo huo, na hakuna aliyeuliza kwa nini kipuri kinachodumu miaka mingi kinaharibika kila baada ya wiki chache.

Niliufungua mkanda wa athi. Upande wa giaboksi ulikuwa umekazwa juu ya rangi mpya, laini na inayong'aa. Nyuzi za boliti peke yake ndizo zilizokuwa zimegusa chuma.

Maamuzi na sababu zake

Tuliamua kurekebisha jambo moja kila alfajiri, ingawa ningeweza kuyamaliza yote asubuhi ile kabla ya chai. Mzee alikubali mara moja. Alitaka kujua ni nini hasa kilichokuwa kikilisumbua gari la kaka yake, nami nilitaka kujua kila kosa lilikuwa na uzito gani.

Athi ilikuwa ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikizalisha kosa la choki. Nilikwangua rangi kwa msasa pande zote mbili hadi chuma king'ae, nikafunga mkanda mpya mnene wenye washa za meno, nikasafisha pia kiungo cha betri na bodi, kisha nikapaka grisi juu ya viungo vilivyokwisha kukazwa ili unyevu usiingie.

Kuhusu koili, kulikuwa na njia nne mezani. Fundi mmoja aliyeshauriwa kwa simu alisema tuiondoe rezista kabisa na kuipa koili umeme wa moja kwa moja. Gari lingewaka, hilo ni kweli, lakini oltaneta ikishaanza kuchaji koili ingebeba zaidi ya ampea 9. Pointi zingeungua na koili ingepasuka kwa joto. Nililikataa wazo hilo bila kusita. Njia ya pili ilikuwa kufunga koili ya omu 3 isiyohitaji rezista, njia rahisi na ya heshima, ambayo ningeichagua kwa gari linalolala Nakuru au Kisumu. Hata hivyo koili hiyo nayo hudhoofika betri inaposhuka, na kwa nyuzi 7 nilitaka nguvu zaidi. Njia ya tatu, kutafuta stata yenye nguzo ya ziada, ingemaanisha kutupa stata nzima ambayo bado ni mpya.

Nilichagua ya nne: rilei ndogo, yaani swichi inayofungwa kwa umeme, inayoamshwa na ule waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo kwenda kwenye solenoidi, inayochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, na kuupeleka kati ya rezista na koili. Stata ikipigwa, koili inapata volti kamili bila hata kupita kwenye swichi ya zamani. Ufunguo ukiachiliwa, rilei inafunguka na rezista inarudi kazini. Kuna wanaounganisha waya wa solenoidi na koili moja kwa moja bila rilei. Wakifanya hivyo, injini ikiwa imewaka umeme wa koili unapata njia ya kurudi nyuma kuelekea solenoidi, na mimi siwezi kuliacha gari la mtu katika hali hiyo.

Kebo ya choki niliiweka ya mwisho. Oili pia ilijadiliwa, kwani baada ya kufumua injini ilikuwa imewekwa oili nzito ya namba 40 peke yake, ambayo kwa baridi huwa nzito kuliko 20W-50 na kuifanya stata ivute zaidi. Tulikubaliana ibadilishwe, lakini baada ya vipimo vyote kwisha.

Matokeo

Alfajiri ya pili, kwa nyuzi 6, athi ikiwa imerekebishwa peke yake, upotevu kati ya betri na injini ulishuka kutoka 1.6 hadi 0.2. Stata ilizungusha injini kwa kasi iliyosikika hata jikoni. Koili ilipata volti 4.6, na gari liliwaka kwenye jaribio la pili, likitetemeka.

Alfajiri ya tatu, rilei ikiwa imefungwa, koili ilisoma 9.5 stata ikizunguka. Injini iliwaka ndani ya sekunde mbili, ufunguo ukiwa bado umeshikiliwa, ingawa ilihitaji kusaidiwa kwa mguu kwa karibu dakika moja kwa sababu choki ilikuwa bado haijafunga sawasawa.

Alfajiri ya nne, baada ya kebo mpya, iliwaka kwa mzunguko wa kwanza au wa pili na kutulia yenyewe. Mzee hakusema kitu. Aliweka mkono juu ya boneti, akaiacha injini ipate moto, na mimi nikaingia ndani kumalizia chai. Oili ilibadilishwa wiki iliyofuata. Ilifanya stata izunguke kwa wepesi zaidi kidogo, basi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kulifuata tatizo mahali na saa linapotokea. Niliporudi Nakuru nilikipima kile ambacho gari lingeonyesha gerejini kwangu saa 6 mchana kabla ya marekebisho: niliweka mkanda wa zamani juu ya kipande cha rangi, nikaondoa fyuzi ya rilei, nikapiga stata kwa nyuzi 25. Betri ilishuka hadi 10.7, athi ikapoteza 1.1, na koili ikapata 4.6. Ni volti ile ile ambayo kule juu, alfajiri ya pili, iliwasha injini kwa shida. Gerejini petroli ilikuwa inageuka mvuke kwa urahisi, injini nyepesi, na cheche dhaifu ikatosha. Kila mara nilipoliwasha hapa na kumruhusu mzee aondoke, nilikuwa nalijaribu gari tofauti na lile analoamka nalo yeye.

Kipimo cha cheche hewani nacho kilinidanganya, na ningependa vijana wanaoanza kazi hii waelewe sababu. Cheche inayoruka nje ya silinda inakutana na hewa ya kawaida. Ndani ya silinda, hewa iliyogandamizwa na petroli iliyolowesha ncha ya plagi hudai nguvu kubwa zaidi. Koili dhaifu inaweza kutoa cheche ya kupendeza mkononi mwa fundi na kushindwa kabisa mahali pa kazi. Kipimo cha volti kwenye koili, stata ikizunguka, ndicho kingenipa jibu.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kusikiliza. Mwenye gari ndiye aliyekuwa nalo kila alfajiri, naye aliieleza dalili kwa usahihi kamili bila kujua jina la kipuri hata kimoja. Tangu kisa hiki ninamwomba kila mteja anieleze hatua kwa hatua, mkono wake uko wapi na mguu wake uko wapi wakati tatizo linapotokea, na ninaandika maneno yake kama alivyoyasema kabla ya kufungua boneti. Tabia hii inachukua dakika tano. Kwa kutokuwa nayo, mzee alipanda na kushuka barabara ya Molo mara tatu na kulipia kazi ya kabureta ambayo gari halikuihitaji, na kazi ile nilimrudishia gharama yake.

Kuhusu ukarabati wenyewe, naona hatari iliyojificha katika uzuri. Gari kuukuu lenye kutu mara nyingi bado lina athi nzuri, kwa sababu mahali pa kukazia mikanda hapajaguswa tangu kiwandani. Gari lililofufuliwa limepakwa rangi kila mahali, pamoja na pale ambapo umeme unatakiwa kupita chuma kwa chuma. Fundi wa rangi hana sababu ya kulijua hilo, na fundi wa umeme anayekuja baada yake anakuta boliti na tundu vilivyo safi, anakaza na kuondoka. Kwa sasa, gari lolote lililopakwa rangi upya likiingia kwangu, jambo la kwanza ni kupima upotevu wa athi stata ikizunguka, hata kama mwenyewe amekuja kwa taa ya nyuma tu.

Jambo moja lililobaki ni swichi ya ufunguo, ambayo bado inapoteza zile volti 0.4. Mzee hakutaka ibadilishwe, kwa kuwa ufunguo wake ni ule ule aliokuwa nao kaka yake, na baada ya rilei kufungwa swichi hiyo haina tena madhara kwa cheche ya alfajiri. Julai iliyofuata nilipanda kupima tena: athi ilisoma 0.2, na kebo ya choki ilikuwa laini kama siku niliyoifunga. Zile mbili zilizoungua mapema alikuwa amezihifadhi ghalani. Alinipa, nami huwaonyesha vijana wanaojifunza kwangu, na kuwauliza kwa nini zote mbili zimeyeyuka mahali pamoja, pale zinapopita kwenye ukuta wa bati kati ya injini na dashibodi.